Malipo kwa Tripu, Risiti za Bwawani na Ajali ya Karo: Uchambuzi wa Kisa cha Gari Moja la Majitaka Tabora

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Manispaa ya Tabora, katika mradi wa mtu mmoja mwenye gari moja la kunyonya majitaka. Nilikifahamu kwa sababu niliitwa kupanga upya vitabu vya mradi huo baada ya mambo kuharibika, kwa hiyo nililiona daftari la safari, nilizungumza na wote wanne waliohusika, na nilikuwepo mikataba mipya iliposainiwa. Majina, mitaa, mwaka na alama zote za utambulisho zimeondolewa, na viwango vya fedha vimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Wahusika wanaitwa kwa kazi zao: mwajiri, dereva, utingo wa kwanza na utingo wa pili. Wote wanne wameridhia kisa kiandikwe.

Usuli

Mwajiri ni mwalimu mstaafu aliyenunua gari lililotumika kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, lenye tangi la lita 6,000. Aliliona soko vizuri. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafikishwe Tabora, nyumba nyingi zilizokuwa zikitegemea visima na ndoo zimeingiza mabomba ndani, na choo cha kumwaga maji hujaza karo, yaani tangi la majitaka lililochimbiwa uani, haraka kuliko choo cha shimo. Mtandao wa mabomba ya majitaka unafikia sehemu ndogo tu ya mji, hivyo gesti, hosteli, shule za bweni na nyumba za kupanga hutegemea gari lije linyonye. Kazi hiyo ina majira yake. Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili, na kuanzia Januari ardhi ikishashiba maji, mashimo ya kunywea, yale yanayopokea maji ya karo na kuyaachia ardhini, hayanywi tena na makaro hufurika. Katika miezi hiyo gari lilipiga tripu 60 kwa mwezi. Kiangazi kilipokaza, kuanzia Julai hadi Oktoba, zilishuka hadi 22.

Wafanyakazi walikuwa watatu. Dereva alikuwa mtoto wa dada mkubwa wa mwajiri, kijana mwenye leseni halali ya magari makubwa na aliyelifahamu gari kweli. Matingo wawili waliletwa na dereva mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa aliwahi kufanya kazi gani, hakuna aliyepimwa afya wala kuandikiwa karatasi yoyote. Mwajiri alinieleza kwa uwazi kwamba aliona kumwandikia mkataba mtoto wa dada yake ni kumwonyesha kwamba hamwamini.

Malipo yalikuwa kwa tripu. Mteja wa ndani ya mji alilipa shilingi 120,000. Katika fedha hiyo dereva alichukua 15,000 na kila utingo 8,000. Dereva alikabidhiwa pia 10,000 taslimu ya kulipia umwagaji kwenye mabwawa ya majitaka, na alipaswa kurudi na risiti. Tripu isiyolipwa na mteja haikulipwa kwa wafanyakazi mpaka mteja alipe.

Mfumo huu ni wa kawaida sana katika magari ya mizigo, na una mvuto wake kwa mwenye mtaji mdogo, kwa sababu mwezi mbaya haumwachii deni la mishahara. Unavyogawa hasara ndilo jambo ambalo mwajiri hakulihesabu. Mwezi wa mvua dereva alipata 900,000 na utingo 480,000, na mwezi wa kiangazi dereva alipata 330,000 na utingo 176,000. Hatari yote ya majira ilibebwa na watu waliokuwa na akiba ndogo kuliko wote.

Mtiririko wa matukio

Dalili ya kwanza ilikuja Machi kupitia wateja. Wawili walilalamika kwamba karo limejaa tena ndani ya wiki sita. Utingo wa kwanza alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa ikifanyika. Karo likikaa muda mrefu, maji hubaki juu na tope zito hukaa chini. Kunyonya maji ya juu huchukua robo saa, ilhali kulivuruga tope kwa mti mrefu, kurudishia maji na kunyonya tena kunaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Tangi la gari hujaa kwa vyovyote vile, na tripu huhesabiwa ileile. Walikuwa wakichukua maji na kuliacha tope.

Dalili ya pili ilikuwa ndani ya daftari, nayo haikusomwa na mtu. Mwezi huohuo wa Machi ziliandikwa tripu 58, na risiti za bwawani zilikuwa 41. Mwajiri alikuwa akizipokea risiti na kuzitia kwenye bahasha bila kuzilinganisha na safari. Risiti 17 zilizokosekana ni shilingi 170,000, na ni mizigo 17 ya kinyesi, kila mmoja lita 6,000, iliyomwagwa mahali ambapo watoto wa mtu huchota maji au kuchezea.

Shule moja ya bweni ilifanyiwa tripu 14 kwa mkopo katika majira hayo ya mvua, ikalipa baada ya miezi miwili. Kila utingo alikuwa akidai 112,000 kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Utingo mmoja alipokwenda kuuliza, mwajiri alimjibu, "Mdogo wangu, na mimi sijalipwa." Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini mkopo ule ulitolewa na mwajiri kwa mteja wake, na utingo hakuulizwa kama yuko tayari kuukopesha pamoja naye.

Septemba mambo yaliungana. Utingo aliyekuwa wa pili wakati huo aliondoka ghafla kwenda kuandaa vitalu vya tumbaku kwa ndugu zake wilayani, jambo ambalo kila mwajiri wa Tabora mjini anapaswa kulitarajia majira hayo. Akatafutwa kijana mwingine, ambaye ndiye utingo wa pili wa kisa hiki. Katikati ya mwezi, siku chache kabla hajaanza kazi, wafyatua tofali waliliona gari likimwaga mzigo kwenye korongo kavu karibu na mashimo yao, wakatoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Faini ya shilingi 500,000 ilimfikia mwajiri mwishoni mwa mwezi.

Mwajiri alilipa faini, kisha akaigawa kwa watatu, kila mmoja akatwe 166,000. Hakuitisha kikao, na hakuna aliyeulizwa nani alikuwepo wala nani aliamua. Utingo wa kwanza, aliyepata 176,000 mwezi ule, alipokea shilingi 10,000. Utingo wa pili alikuwa ametimiza tripu 10 tu na alidai 80,000, akakatwa zote na kuandikiwa deni la 86,000 kwa kosa lililotendeka kabla hajapanda gari lile hata mara moja. Aliendelea na kazi kwa sababu alikuwa na mke mwenye mimba na kodi ya chumba, na kwa sababu aliambiwa mvua zikianza deni litaisha haraka.

Mvua zilianza Novemba. Wiki ya pili, katika nyumba ya kupanga, mpira wa kunyonyea uliziba kwa matambara yaliyokuwa yametupwa chooni. Utaratibu wa busara ulikuwa kuuvuta mpira nje na kuuzibua juu. Tripu nyingine mbili zilikuwa zikisubiri siku ile. Utingo wa pili alishuka kwenye karo kwa kushikilia ukingo wa mfuniko ili ayang'oe matambara kwa mkono, akiwa na glavu za bustani na bila kamba. Kabla ya dakika mbili alilegea akaangukia ndani. Dereva, kwa bahati ambayo siwezi kuieleza kwa njia nyingine, hakushuka kumfuata. Alimtupia mpira, na kwa msaada wa mpangaji mmoja wakamvuta kwa mkanda. Alitoka hai, akiwa amevunjika kifundo cha mguu na mapafu yakiwa yameathirika.

Hapa nasimama kidogo, maana wengi wanaofanya kazi hii hawajaelezwa. Kinyesi kinachooza mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, pua huisikia upesi. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anayesema harufu imepungua anaweza kuwa amekaribia zaidi kifo. Kuvuruga tope huitoa gesi kwa mkupuo. Vifo vingi katika makaro ni vya watu wawili au watatu kwa pamoja, kwa sababu wa pili hushuka kumwokoa wa kwanza.

Mwajiri alilipia siku mbili za hospitali. Siku ya tatu alimwambia mama wa kijana kwamba amesaidia kadiri alivyoweza, na kwamba kijana yule alikuwa kibarua tu na hakuwa mwajiriwa wake.

Maamuzi na sababu zake

Familia ilipeleka shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa wengi kama CMA, ndani ya siku 60 zinazoruhusiwa kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi. Mwajiri alifika akiamini kwamba kutokuwepo kwa mkataba ni kinga yake. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza kwamba Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humdhania mtu kuwa mwajiriwa hata kikikutana kigezo kimoja tu kati ya kadhaa: kwamba hupangiwa namna ya kufanya kazi, au saa zake za kazi huamuliwa na mwingine, au hupewa vifaa vya kazi na mwenye kazi, au humtegemea mtu huyo kwa kipato, au amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana yule hakuwa ametimiza miezi mitatu, lakini vigezo vingine karibu vyote vilimgusa. Wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri, kwa hiyo ukosefu wa karatasi ulimwelemea yeye.

Kuhusu makato, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi kuliko wenye magari wengi wanavyodhani. Makato ya kufidia hasara yanahitaji ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake mwenyewe, apewe nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na jumla ya makato isivuke robo ya ujira wake. Karibu masharti hayo yote mwajiri hakuwa ameyatimiza.

Aliamua kusuluhisha. Sababu ya kwanza aliyonipa ilikuwa hofu ya kushindwa. Ya pili aliitaja baadaye, nyumbani kwake, kwa sauti ya chini: alikuwa amefundisha watoto wa mji huu kwa miaka mingi, na mama wa kijana yule alimwita "Mwalimu" hata pale kwenye usuluhishi, akimlalamikia. Walikubaliana arudishe 80,000, afute deni la 86,000, alipe gharama zote za hospitali, na ampe kijana 200,000 kwa kila mwezi katika miezi miwili ya kuuguza mguu.

Kisha akaamua kuubadili mfumo wote kuanzia Januari, na hapo ndipo nilipoitwa. Tulikubaliana kwamba dereva awe na mshahara wa 400,000 na kila utingo 250,000, ulipwe tarehe 28 ya kila mwezi bila kujali mteja gani amelipa. Juu ya mshahara kuna posho ya tripu, 4,000 kwa dereva na 2,500 kwa utingo, ambayo hailipwi mpaka risiti ya bwawani ibandikwe kwenye kaunta buku mbele ya safari yake. Fedha ya bwawani haipiti tena mkononi mwa dereva, mwajiri huilipa kwa simu. Mteja naye hulipa kwenye namba ya mradi, na bei ikapangwa kwa karo kusafishwa mpaka tope, si kwa tangi kujaa.

Neno posho lina historia katika mji huu. Karne ya 19 misafara ya pembe na vitambaa ilipokutana Tabora, wapagazi wa Kinyamwezi walipatana ujira wa safari nzima, na mbali na huo walidai posho ya chakula njiani. Vilikuwa vitu viwili. Nilimkumbusha mwajiri hilo kwa sababu mfumo wake wa zamani ulikuwa posho tupu isiyo na ujira chini yake.

Wote watatu waliandikishwa kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, mwajiri akichangia asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 10. Mradi ukasajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako mchango ni asilimia 0.5 ya malipo yote ya wafanyakazi na hulipwa na mwajiri peke yake. Tozo ya kuendeleza ujuzi haikumhusu, kwa kuwa huanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10. Kazi za usiku, ambazo gesti hupendelea kwa ajili ya harufu, zikaandikwa kwa saa: baada ya saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kawaida.

Suala la afya lilibishaniwa kuliko mshahara. Mwajiri alikubali mara moja ovaroli jozi mbili kwa kila mtu, buti za mpira na glavu ndefu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita, aliiona ni gharama ya mtu binafsi, na ilichukua vikao viwili kumwonyesha kwamba hatari yenyewe haiko nyumbani kwa mfanyakazi, iko kwenye gari lake. Alikubali mwishowe, pamoja na pepopunda. Utingo wa kwanza aliomba jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: bomba la kuogea na mahali pa kufulia penye gari, ili asipande bodaboda na ovaroli ile wala kuipeleka kwa watoto wake. Lilijengwa kwa mabati na mabaki ya tofali. Nikiulizwa ni kitu gani katika mageuzi yote kilichobadilisha sura za watu asubuhi wanaporipoti, nitataja bafu lile.

Matokeo

Gharama tulizihesabu kwa wastani wa tripu 40 kwa mwezi. Mfumo wa zamani uligharimu 1,240,000. Mpya unagharimu 1,260,000 za mishahara na posho, 126,000 za mchango wa hifadhi ya jamii na 6,300 za fidia, jumla 1,392,300. Ongezeko ni 152,300 kwa mwezi. Mwajiri aliitazama hesabu hiyo kwa muda mrefu, kisha akaiweka pembeni ya 170,000 zilizopotea Machi peke yake bila yeye kujua.

Matingo walipokea mabadiliko kwa furaha ya wazi. Dereva hakuyapokea. Januari ilikuwa na tripu 60, akapata 640,000 kabla ya makato. Baada ya mchango wa 64,000 na kodi ya mapato ya 31,200 alibaki na 544,800, wakati Januari iliyotangulia alishika 900,000 mkononi. "Mama mdogo," alimwambia mwajiri mbele yetu, "mimi sikuja kwako kupunguziwa." Aliacha kazi Februari bila notisi. Gari lilisimama siku 11 katika kilele cha mvua, zikapotea zaidi ya tripu 20. Dada mkubwa wa mwajiri hakuongea naye mpaka Pasaka ilipopita.

Safari hii dereva mpya alitafutwa kwa utaratibu. Leseni za waombaji wanne zilihakikiwa, waajiri wao wa nyuma wakapigiwa simu, na kila aliyebaki akapewa siku moja ya kazi yenye malipo, ikiwa ni pamoja na kurudisha gari nyuma likiwa na mzigo katika kichochoro chembamba. Kabla ya siku hiyo wote walipelekwa kwenye karo lililo wazi na kuelezwa kazi ilivyo, jina ambalo watoto wa mtaani wamelibandika gari hilo likiwamo. Wawili waliaga hapohapo, na ni afadhali walivyoaga mapema. Aliyechukuliwa aliwahi kuendesha boza la maji, na alikuwa wa kwanza kuuliza kamba iko wapi.

Kati ya tripu 148 zilizofuata, risiti zilizokosekana ni 2, zote za siku moja ambayo langoni hakukuwa na wa kuzitoa. Malalamiko ya makaro kujaa upya hayajarudi kwenye daftari.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema dereva yule alikuwa mwizi na mwajiri alikuwa mgumu, na kisa kikaishia hapo. Sikubaliani na usomaji huo. Ukimlipa mtu kwa idadi ya safari, ukampa fedha taslimu za kumwaga mzigo, bwawa likawa mbali na korongo likawa karibu, umemwekea kila jioni swali ambalo jibu la uaminifu linamgharimu tripu moja na 10,000. Wapo watakaojibu kwa uaminifu kila siku. Mradi haupaswi kuhitaji watu wa aina hiyo tu ili usichafue maji ya mji. Mfumo mpya haukumbadilisha utingo wa kwanza, ambaye alikuwepo katika nyakati zote mbili. Ulibadilisha kinacholipwa: zamani kililipwa kitendo cha kuondoka kwa mteja, sasa unalipwa ushahidi wa kufika bwawani.

Ajali nayo ina mnyororo unaofuatika. Makato ya Septemba yalizaa deni, deni lilimfanya utingo wa pili ahesabu kila tripu, na tripu mbili zilizosubiri zilimfanya ashuke badala ya kuvuta mpira. Ukosefu wa kamba na mafunzo ulifanya kushuka kuwe hatari ya kufa. Mwajiri alipokata fedha ile aliamini anafundisha nidhamu, na alichofundisha ni haraka. Kwa hiyo naweka makato yale juu ya orodha ya makosa, juu hata ya ukosefu wa vifaa, kwa kuwa vifaa vinaweza kuachwa kwenye gari na mtu aliye na haraka.

Mchango wa fidia aliokuwa akiukwepa ungekuwa 6,200 kwa mwezi kwa malipo ya wakati ule. Ni chini ya ujira wa tripu moja ya utingo mmoja. Mwajiri hakuukwepa kwa ubahili, hakujua upo, na hakujua kwa sababu alikuwa amejiridhisha kwamba hana waajiriwa. Neno "kibarua" lilimfungia mlango wa kuuliza.

Mageuzi yenyewe yalikuwa na kasoro, na moja ni yangu. Tulianza Januari. Katika kilele cha mvua, mshahara wenye posho ndogo huonekana kuwa punguzo hata kwa mtu ambaye mwaka mzima utampa karibu kilekile. Dereva kwa wastani wa tripu 40 angepata 560,000 kabla ya makato badala ya 600,000, na katika mwezi wa tripu 22 angepata 488,000 badala ya 330,000. Tungeanza Julai, angeuonja kwanza upande mtamu. Nilimchorea jedwali la mwaka, lakini mtu hapokei jedwali tarehe 28. Aidha, kwake palikuwa na hasara ya kweli kiasi, kwa kuwa makato ya hifadhi ya jamii na kodi yalikuja kwa mara ya kwanza siku ileile na mabadiliko ya viwango, na hatukuyatenganisha katika maelezo. Kuna swali la haki pia ambalo bado linanisumbua: pengo kati ya dereva na utingo lilipunguzwa makusudi, na naamini ilikuwa sahihi kwa sababu utingo ndiye anayekaribia gesi. Hata hivyo, dereva hakushirikishwa katika kuliamua.

Likizo ya siku 28 ilitutia wasiwasi katika timu ya watu watatu. Ilipangwa Agosti na Septemba kwa zamu, wakati gari linaingia gereji na kazi ni chache, na inamfaa pia mwenye shamba la kuandaa. Mikopo ya shule na taasisi imebaki kwa mwajiri, ambaye sasa hakopeshi zaidi ya tripu 6 kwa mteja mmoja.

Utingo wa pili alirudi Februari mguu ulipopona. Hasimami karibu na karo lililofunguliwa, na hakuna anayemlazimisha. Kazi yake sasa ni pampu, vali na kaunta buku.

Limebaki jambo moja ambalo usuluhishi haukuligusa. Utingo wa kwanza naye alikatwa 166,000 Septemba, bila kusikilizwa, na alipeleka nyumbani shilingi 10,000 za mwezi mzima. Hakulalamika popote, kwa hiyo hakuwa sehemu ya makubaliano. Alikuwepo kwenye gari mzigo ulipomwagwa korongoni, nalo alikiri mwenyewe, lakini hakuwa mshika usukani wala mshika fedha. Nilimshauri mwajiri amrudishie chote, kwa sababu makato yale yalikosa uhalali hata kwa aliyekuwa na kosa. Alikubali kulipa kwa mafungu matatu pamoja na mshahara. Hadi ninapoandika, mafungu mawili yameingia, na la tatu limeandikwa kwenye kaunta buku kwa tarehe 28 ya mwezi huu.